Ngoma ya Saa Moja Jioni

Nyinyi vijana mnaotangaza siku hizi mmezoea kuweka muziki chini ya kila neno, hata saa mnaitaja mkicheka. Siwalaumu. Saa mnayo kwenye simu, na msikilizaji wenu anayo pia. Lakini juzi mmoja wenu alikuja hapa kwangu Buteba, akaniuliza eti ni kweli zamani mtu aliajiriwa kutaja jina la kituo na kupiga saa tu, halafu anakwenda kulala? Nilitaka kumfukuza na chai yake mkononi. Kisha nikaona afadhali nieleze, maana asiyejua hana kosa, na mimi nimebaki na meno machache ya kumuuma mtu.

Naitwa Nabwire. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha mitambo katika kituo kidogo cha redio pale Tororo, chini ya ule mwamba, miaka ya sitini, bendera yetu ya Uganda ikiwa bado mpya. Mchana kutwa tulipokea matangazo ya mji mkuu kwa waya na kuyarusha kwa mlingoti wetu. Jioni tulikuwa na muda wetu wenyewe, kwa Kiswahili na lugha za huku mpakani. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni. Saa inapogeuka, nafunga sauti ya mji mkuu, nacheza utambulisho wa kituo chetu kutoka kwenye utepe, naachia milio ya saa, halafu mtangazaji anaanza habari. Ni kazi ya pumzi mbili tatu, lakini ukiteleza hapo wilaya nzima inajua kwamba umeteleza.

Milio ilikuwa mitano mifupi na mmoja mrefu. Shikeni hili: saa kamili ni pale mlio mrefu unapoanza, si pale unapokwisha. Na usiseme juu ya milio. Hata ukipaliwa na mate, ziba mdomo, kohoa baadaye.

Aliyenifundisha haya ni fundi Barasa, mtu wa Malaba ya Kenya, aliyevuka mpaka kila asubuhi kwa baiskeli, viazi vyake vimefungwa kwenye karia. Hakuwa mtu wa maneno matamu. "Nabwire," aliniambia, "wimbo ukiharibu, watu watacheka. Saa ukiharibu, mama wa watu ataachwa na treni na mtoto mgonjwa mgongoni." Barasa hakukisia saa hata sokoni. Ukimuuliza saa ngapi naye hana saa mkononi, alisema sijui, hata kama jua liko juu ya kichwa chake. Kwake kukisia na kudanganya vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Tulikuwa na vituko vyetu, msidhani tulinuna tu. Ratiba iliandikwa kwa saa za kizungu, na mtangazaji alitakiwa aigeuze kichwani kabla hajafungua mdomo. Mmoja mgeni alisahau, akawatangazia watu kwa sauti nzuri kabisa kwamba sasa ni saa kumi na tisa kamili. Wiki nzima wachuuzi wa Busia waliulizana saa kumi na tisa inauzwa duka gani. Mwingine alikuwa amefanya kazi ng'ambo, upande wa Kenya. Jioni moja, njaa imemshika, akataja jina la kituo chake cha zamani badala ya letu. Neno likishatoka redioni halina kamba ya kulivutia. Kabla habari hazijaisha, askari wawili walikuwa mlangoni wakiuliza kama tumetekwa.

Na kuna siku waya wa mji mkuu ulikatika, milio haikuja, kijana wa zamu akachukua kijiko na glasi akagonga, ti, ti, ti, mpaka sita. Barasa alimnyang'anya kijiko hicho na hakumrudishia. "Waambie watu waya umekatika," alisema. "Saa haiigizwi."

Pale Busia palikuwa na maduka mawili yanayotazamana, barabara na mpaka vikiwa katikati. La Kenya lilifungua redio ya Nairobi, la Uganda lilifungua yetu. Milio ya upande mmoja ilitangulia kidogo tu, na kila jioni wenye maduka walitukanana kwa upendo: nyinyi mnaishi jana, nyinyi mnaharakisha kifo. Tulicheka sana.

Sasa niwaambie kuhusu ngoma.

Utambulisho wa kituo chetu ulikuwa ngoma. Nilipoajiriwa niliikuta tayari kwenye utepe: mapigo mazito, yanasimama, yanarudi kwa haraka, yanasimama tena. Mara ya kwanza kuisikia nilisimama bila kujua nimesimama kwa nini. Bwana Ssali, mkuu wa vipindi, mtu wa Kampala, mpole, shati safi kila siku, alijivunia ngoma hiyo kupita kiasi. Alikuwa ameirekodi mwenyewe huko Molo ya wilaya yetu, si ile ya Kenya, kwa mzee mmoja wa Kipadhola aitwaye Owor. Kila jioni ilisikika saa moja, na baada ya muda watu hawakuwa wakisema saa moja imefika. Walisema ngoma imelia. Wanawake walijua ni wakati wa kuinjika ugali, wenye duka walirekebisha saa zao za ukutani.

Mzee Owor alikuja kituoni mwanzo wa kiangazi, kwa miguu, kutoka Molo hadi Tororo. Mrefu, mkavu, koti limemzidi. Hakukaa alipopewa kiti.

"Nakuja chukua ngoma yangu," alisema.

Bwana Ssali akatabasamu. "Mzee, ngoma si iko kwako nyumbani? Sisi nachukua sauti tu."

"Sauti ndiyo ngoma. Ile iko nyumbani ni ngozi na mti."

Tukaelewa polepole, kwa Kiswahili chake na kwa msaada wa mfagizi wetu aliyejua lugha yao, Kidhopadhola. Mapigo yale hayakuwa ya kuchezea. Pale kwao yalipigwa kwa sababu mbili tu: mtu amekufa, au jambo limeishinda nguvu nyumba ya mtu, kama moto, kama mtoto aliyepotea porini. Yakilia, kila mwenye miguu anaacha alichoshika na kukimbilia yanakotoka. Waswahili wanasema la mgambo likilia kuna jambo. Huko Molo hawakuwa na methali hiyo, walikuwa na ngoma yenyewe.

"Siku ya kwanza redio inapiga," alisema mzee, "watu yote nakuja kwangu mbio. Nasema hapana, ni redio. Siku ya pili nakuja nusu. Sasa hakuna mutu nakuja. Ngoma nalia kila jioni, watu nakula tu." Akamtazama Bwana Ssali usoni. "Siku moja nitapiga mimi. Nani atakuja?"

Bwana Ssali alisema ombi ni zito, kwamba utambulisho wa kituo haubadilishwi bila idhini ya mji mkuu, na kwamba ataandika. Pia alisema, na hapa nilimwona Barasa akikaza taya, kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeitoa ngoma hiyo kwa hiari na akapokea sukari na sabuni.

Mzee alipoondoka, Barasa alitoa utepe wa asili kwenye kabati. Kwenye utepe ule, kabla ya alama ya manjano tunapoanzia, palikuwa na maneno ambayo kila jioni niliyapitisha kwa kasi, yakitoka kama kelele za bata. Safari hii tuliyasikiliza kwa mwendo wake.

"Mzee, nataka ngoma moja," ilisema sauti ya Bwana Ssali. "Watu akisikia, anaacha kazi, anakuja."

"Anaacha yote?"

"Yote!"

"Hata kama anakula?"

"Hata kama anakula. Anakuja mbio."

Jogoo akawika. "Iko moja," alisema Mzee Owor. "Lakini hiyo hatupigi bure."

"Si bure, mzee, si bure! Tumeleta sukari. Na sabuni."

Halafu sauti ya mzee, imeshuka: "Kumbe serikali iko na jambo?"

"Iko, iko. Piga."

Na mzee akapiga. Barasa alizima mashine akakaa na mkono juu ya rili, gurudumu la utepe. Mmoja alisema bure kwa maana ya bila sababu, mwingine akasikia bure ya dukani. Mzee alidhani serikali imefiwa na kitu kikubwa inaomba msaada wa kuita watu, na mtu gani mwenye utu angeinyima? Tulimpelekea Bwana Ssali maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukamshuka, kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Akasema ataandika barua ya pili.

Jioni moja niliiruka ngoma. Nilipiga milio peke yake, nikamwachia mtangazaji ataje jina la kituo kwa mdomo. Kesho yake nilipewa onyo la maandishi, nikaambiwa kwamba la pili litakuwa la kufukuzwa. Nilikuwa na wadogo zangu watatu shuleni kwa mshahara ule. Nikarudisha ngoma hewani.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Visima vya Molo vilibaki tope, na Okoth, mtoto wa pekee wa kiume wa Mzee Owor, akaamua kuchimba kisima kipya nyuma ya nyumba. Yaliyotokea sikuyaona kwa macho. Niliambiwa na mama yake, naye alinieleza huku akinishika kifundo cha mkono kana kwamba ningetoroka.

Ilikuwa jioni, mwanga bado upo. Ukuta mmoja wa shimo ukaporomoka ukamfunika Okoth hadi kifuani. Alikuwa hai. Alikuwa anasema. Baba yake akashuka na jembe, akaona kwamba akigusa huku, kule kunamwagika. Walihitajika watu wengi, wa kushika mbao upande huu na kutoa udongo upande ule, kwa pamoja, haraka. Okoth mwenyewe, kutoka shimoni, ndiye aliyesema: "Baba, piga ngoma."

Mzee akapiga. Alipiga vizuri kuliko alivyopiga kwenye utepe, mama alisema, alipiga mpaka vidole vikachanika. Na kijiji kizima kilisikia. Mwenye kukamua ng'ombe aliendelea kukamua. Wanawake waliinjika ugali. Mtu mmoja aliyekuwa njiani alisema, mwalimu leo amefungua redio kwa nguvu kweli, maana redio ya karibu ilikuwa ya mwalimu. Hakuna aliyekuja. Mama alikimbia hadi nyumba ya jirani, mbali kidogo, na alipofika hana pumzi ya kusema.

Ndipo ikafika saa moja. Huku Tororo nilikuwa kwenye kiti changu, jioni kama jioni zote, macho kwenye mshale wa saa. Nikabonyeza, utepe ukazunguka. Huko Molo redio ya mwalimu ikalia ngoma.

Kijiji kikasimama. Watu walitazamana, kila mmoja na alichoshika. Ikiwa hii ndiyo redio, ile nyingine ilikuwa nini?

Walikimbia wote sasa, hata vikongwe. Walipofika, ukuta wa pili ulikuwa umeshaanguka, na mzee alikuwa bado anapiga. Walimtoa Okoth akiwa amekufa, mdomo umejaa udongo. Mimi nilikuwa nimeshaachia milio, mitano mifupi na mmoja mrefu, sawasawa kabisa, na Barasa alikuwa ameniambia hongera, safi.

Habari ilitufikia kesho yake. Bwana Ssali hakuandika barua ya tatu. Aliingia chumba cha mitambo, akasema, "Itoeni," akatoka. Tangu jioni ile tukatambulishwa kwa mdomo tu. Sikumsikia tena akijivunia kitu.

Barasa aliukata utepe wa ngoma, akauzungushia kwenye rili ndogo, na baada ya mazishi tukaenda Molo, mimi na yeye, kutoa pole na kuurudisha. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Badala yake mzee alitupokea kama wageni, akatukalisha, chai ikaja. Na nikashangaa kuona kwamba ndani ya msiba ule kulikuwa na kitu kimoja kilichomshika asianguke. Majirani walikuwa wamemwambia hawakusikia. Kila mmoja aliyekuja kumpa mkono alimwambia hivyo: upepo ulikuwa unavuma kwenda kule, baba, hatukusikia kabisa, tungesikia tungekuja.

"Upepo," alituambia. "Upepo nabeba. Kama wamesikia, wangekuja." Alisema mara mbili, akimtazama mkewe, na mama Okoth akatazama chini. "Ngoma iko mzima. Ni upepo tu."

Barasa akampa rili. Mzee akaigeuza mkononi. "Iko ndani hapa?"

"Iko ndani, baba," Barasa alisema. "Hakuna nyingine. Redio haina tena."

Akaitia mfukoni mwa koti lile kubwa, akapiga mfuko kwa kiganja kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Tulipoaga, alikataa kubaki. Mgeni husindikizwa, msiba au si msiba. Akatembea nasi hadi barabarani, kwenye duka la Opio, ambako tungengoja lori la pamba la kuturudisha Tororo.

Opio alitoka nyuma ya meza yake akampa mzee mkono, akasema yale yale. Upepo, baba. Hatukusikia hata kidogo.

Juu ya kichwa chake palikuwa na saa ya ukutani, ya kutia ufunguo. Nyinyi hamtaelewa, lakini mtu wa kazi yangu hawezi kupita saa bila kuitazama, kama fundi cherehani asivyoweza kupita shati lililopinda kola. Nikatazama saa ile, nikatazama ya mkononi mwangu niliyoirekebisha asubuhi kwa milio. Ile ya Opio ilikuwa mbele. Si kidogo. Saa ya ufunguo hukosea kwa kuteleza polepole, haikosei hivi, isipokuwa mtu ameusukuma mshale kwa kidole.

Nikageuza uso haraka, lakini Mzee Owor alikuwa amenitazama.

"Binti wa redio," alisema. "Saa hiyo ni sawa?"

Opio alinyanyua macho akaitazama saa yake. Nikaona uso ukimbadilika rangi. Tangu jioni ile alikuwa hajaigusa, alikuwa amekimbia na wenzake akasahau. Alinitazama kama mtu anayeomba. Barasa naye alikuwa pembeni yangu, yule aliyenifundisha kwamba saa haikisiwi wala haiigizwi, na kwa mara ya kwanza niliona anatazama mchanga wa barabara.

Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote. Ningesema ni sawa, nani angenishtaki? Lakini yule alikuwa mzee aliyeniuliza saa, na mimi kazi yangu ilikuwa moja tu hapa duniani.

"Iko mbele, baba," nikasema.

"Mingi?"

"Robo saa."

Alisimama akiitazama ile saa, midomo ikitembea kidogo, anahesabu. Jioni ile alikuwa amepiga ngoma yake robo saa kabla ya redio. Na mtu mmoja, hapa, ng'ambo tu ya bustani zake, aliisikia vizuri kabisa, akapanda juu ya kiti, akasogeza mshale hadi saa moja.

"Basi walisikia," alisema.

Opio alianza kulia, mtu mzima, amejishika kichwa. "Nilisikia, baba. Tulisikia sisi wote. Tulifikiri ni redio."

Mzee Owor akatia mkono mfukoni, akatoa rili, akaiweka kiganjani mwangu na kufunga vidole vyangu juu yake. Vyake vilikuwa bado na vidonda.

"Kwenda na hii," alisema. "Mulipiga bure, sasa imekuwa bure."

Akageuka akarudi nyumbani peke yake. Lori lilipokuja tulipanda, na Barasa, aliyekuwa na saa mkononi, hakuitazama hadi Tororo.

Rili ninayo, iko kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo wa watoto. Yule kijana wenu aliyeniuliza habari za kazi aliiona, akataka aipeleke mjini, wana mashine, waisafishe, waicheze kwenye kipindi cha zama zilizopita. Akasema ni historia, akasema wataicheza bure, hawatanidai chochote. Nikamwambia akae chini, anywe chai yake, nimsimulie neno hilo maana yake nini.